Ualimu wa Skuli: Ni Wito, Ni Riziki, au Ni Kukosa Pa Kwenda?

Siku moja mwezi uliopita, baada ya sala ya laasiri, nilikuwa nimekaa barazani kwangu nikinywa kahawa, mara akaja binti ya ndugu yangu. Alinibusu mkono, akanipa masalkheri, kisha akakaa mkekani akanyamaza. Mimi nimesomesha skuli za msingi miaka 38, na mtu aliyesomesha muda wote huo huujua uso wa mtoto mwenye swali. Nikamwacha, hata mwenyewe akafungua mkoba wake akatoa karatasi. Ilikuwa ni fomu ya kuombea nafasi katika chuo cha ualimu.

"Ami," akaniambia, "baba amesema nije kwako. Asema wewe ndiye uliyekula chaki, basi wewe ndiye utakayeniambia kama chaki inashibisha."

Nilicheka, kwani huyo ndugu yangu tangu utotoni hakosi neno. Lakini binti mwenyewe hakucheka. Matokeo yake ya kidato cha 4 yanamtosha kuingia diploma ya ualimu, wala hayazidi hapo sana. Rafiki yake wa mtaani aliyeko Doha amempelekea habari kwamba kuna kazi ya dukani, na mshahara aliomtajia unaushinda wa mwalimu anayeanza hapa kwetu. Siku za kurudisha fomu zilikuwa zimebaki chache. Nikamwuliza: "Wewe mwenyewe, kwa nini wataka kusomesha?"

Akafikiri kidogo, akasema: "Kusema kweli, ami, sijui. Kazi nyingine hakuna."

Basi msomaji, jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Watu wengi, wakiwamo walimu wenyewe, huliona kuwa ni jibu la aibu. Hudhani kuwa mwalimu wa haki ni yule aliyezaliwa na hamu ya kusomesha, na kwamba aliyeingia kwa kutafuta riziki ni mpita njia tu. Mimi siamini hivyo. Nimekaa na walimu wa kila namna katika chumba kimoja, nikawaona walioingia kwa mbwembwe wakatoka mwaka wa 3, nikawaona pia walioingia kwa kusukumwa na njaa wakazeeka humo huku watoto wa watu wakiwaombea dua.

Kwetu Pwani hapo kale mwalimu alikuwa mmoja tu, naye ni mwalimu wa chuoni. Huyo hakuajiriwa na ofisi. Mzazi alimshika mtoto mkono, akampeleka, akamkabidhi, na ruhusa ya fimbo ilikuwa imo ndani ya makabidhiano hayo. Malipo yalikuwa ni vijisenti vya Alhamisi, kitoweo siku ya Idi, na nguo au fedha kidogo pale mtoto anapohitimu msahafu. Sijapata kumsikia mwalimu wa chuo aliyejenga ghorofa kwa senti za Alhamisi. Lakini alipopita njiani watu walimpisha, na katika shughuli, iwe ni ya harusi au ya matanga, mahali pake palikuwa ni mbele. Heshima ilikuwa ndiyo mshahara wake, na hakuna aliyemwuliza kwa nini akachagua kazi ile.

Mwalimu wa skuli hakuipata heshima hiyo tangu mwanzo, na iko sababu. Skuli kwetu zilikuja na wamishonari. Krapf na mwenzake Rebmann walikaa Rabai tangu 1846, na baadaye, mwaka 1875, pakaanzishwa makao ya Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Mzee wa Kiislamu alipotazama aliona vitu viwili vimefungwa pamoja, herufi na msalaba, naye kwa kuukataa msalaba akaziacha na herufi. Hata serikali ilipofungua skuli yake kwa ajili ya watoto wa Kiarabu hapa Mombasa mwaka 1912, wengi waliendelea kusitasita. Mtoto aliyekwenda huko alitazamwa kama aliyekopeshwa kwa Wazungu, na mwalimu wake kama karani wa serikali aliyeshika chaki badala ya kalamu.

Hapa nataka niseme jambo ambalo wazee wale walilijua lakini hawakulitia mizanini. Baada ya vita vya Badri, mwaka wa 2 wa Hijra, yaani 624, walikuwako mateka wa Makka ambao hawakuwa na mali ya kujikombolea lakini walikuwa wanajua kuandika. Wanahistoria wanasimulia kwamba Mtume, sala na amani zimshukie, aliwakubalia wajikomboe kwa kuwafundisha watoto wa Madina kuandika, kila mateka watoto 10. Walimu hao hawakuwa Waislamu. Walikuwa maadui walioshikwa vitani. Wala hakuna atakayesema kwamba waliingia kazini kwa wito. Waliingia ili wapate kurudi makwao! Na bado kazi yao ilifaa, na katika waliojifunza kuandika kwa njia hiyo hutajwa Zaid bin Thabit, ambaye ndiye aliyekuja kukabidhiwa kazi ya kuikusanya Kurani.

Mmoja katika wanavyuoni wetu waliosema wazi kwamba Waislamu wa Pwani wanajidhulumu kwa kuikimbia skuli ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Katika magazeti yake, Sahifa iliyoanza 1930 na Al-Islah ya 1932, aliwaandikia watu kwa Kiswahili chao, akiwalaumu na kuwahimiza. Yeye hakuwa mtu wa kupenda kila kilichotoka Ulaya, na hofu yake juu ya skuli za misheni ilikuwa kubwa. Lakini alisema kuwa dawa ya hofu ni Waislamu kuwa na skuli zao na elimu zote mbili, ya dini na ya dunia. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, akafariki 1947. Sasa tazama: ukitaka elimu zote mbili zikae nyumba moja, lazima apatikane mtu wa kuzisomesha. Hapo ndipo ilipoanza sababu ya kwanza ya Mwislamu wa Pwani kuchagua ualimu wa skuli, nayo ni kwamba watoto wetu wamwone mtu wao amesimama mbele ya darasa.

Walikuwako waliolifanya hilo kwa ukamilifu. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912, tunamkumbuka kwa tafsiri yake ya Kurani iliyotoka kamili 1969, na tunamkumbuka kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1968. Lakini kabla ya hayo alikuwa mwalimu katika skuli za serikali huko Unguja, na anayesoma maelezo yake chini ya aya huisikia sauti ya darasani: hueleza, hurudia, hutoa mfano, kama mtu anayemwona mwanafunzi aliyekunja uso kule nyuma. Na hapa Mombasa alikuwako Shihabuddin Chiraghdin, mwalimu wa skuli, aliyezaliwa 1934 akafariki 1976 angali kijana. Ndiye aliyeuhariri Malenga wa Mvita, diwani ya Ustadh Ahmad Nassir Juma Bhalo iliyotoka 1971. Historia ya Kiswahili aliyoiandika pamoja na Mathias Mnyampala ilitoka 1977, mwenyewe amekwisha kutangulia. Mshahara wa ualimu ndio uliomlisha mtu huyo, nasi tukapata vitabu.

Hao ni wakubwa. Lakini haifai tuwataje wakubwa peke yao kana kwamba kila mwalimu alikuwa na fikira za namna hiyo. Wako wengi walioichukua skuli kama ngazi. Katika miaka ya 1940 na 1950 Mwafrika aliyesoma alikuwa na milango michache sana, na ualimu ulikuwa ndio mlango uliokuwa wazi. Ronald Ngala wa hapa kwetu Pwani alikuwa mwalimu kabla ya kuingia baraza la kutunga sheria mwaka 1957. Daniel arap Moi vile vile, akaingia 1955. Julius Nyerere alisomesha Tabora kisha Pugu, akaacha mwaka 1955 ili ashike siasa moja kwa moja, na jina la Mwalimu likamganda mpaka kaburini. Wote watatu waliitoka skuli. Siwalaumu. Lakini kijana aliyekuwa akiwatazama alijifunza kwamba mwalimu hodari ni yule anayeondoka, na fikira hiyo mpaka leo haijatutoka.

Miaka mingi nyuma nilikipata kitabu cha Mmarekani mmoja, Dan Lortie, kilichotoka 1975, kinachozungumza juu ya walimu wa skuli na sababu zilizowatia kazini. Alizitaja zile tunazozijua: kupenda kukaa na watu, hasa watoto, kutaka kutumikia, kuipenda skuli hata mtu asitake kuachana nayo, mshahara na usalama wa kazi, na saa za kazi zinazomwachia mtu nafasi ya nyumba yake. Lakini liko jambo moja alilolisema ambalo sikuwahi kulifikiri. Alisema kwamba ualimu ni kazi ambayo kila mtu ameifanyia uanagenzi bila ya kujua. Mtoto hukaa mbele ya walimu maelfu ya saa, yeye alihesabu kiasi cha 13,000, akitazama tu. Seremala hujifunza randa akiwa mkubwa, lakini mwalimu amejifunza ualimu tangu hajui kufunga viatu. Kwa hiyo wengi hawauchagui ualimu, bali humchagua mwalimu fulani waliyemwona, wakataka kuwa yeye.

Niliposoma hayo nilikiweka kitabu chini, maana alikuwa ananisema mimi.

Mimi sikutaka ualimu. Nilitaka ukarani wa bandarini, kama alivyotaka kila kijana wa mtaani kwetu katika miaka ile, kwa kuwa karani wa bandarini alivaa shati jeupe na mwisho wa mwezi alinunua nyama ya mbuzi. Niliomba mara mbili nisipate. Mzee alikuwa mgonjwa, na nyumbani tulikuwa 7. Chuo cha ualimu kilikuwa cha miaka 2, kula na kulala ndani yake, na ukitoka unaajiriwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu, ile iliyoanzishwa 1967, mshahara ukitoka mahali pamoja popote utakapopelekwa. Basi nikaenda. Ukiniuliza sababu yangu ya kwanza, ni hiyo, wala siifichi.

Lakini katika chuo hicho, siku tuliyopelekwa kujaribu kusomesha kwa mara ya kwanza, nilisimama mbele ya watoto 40 nikasikia ulimi wangu ukitoa maneno ambayo si yangu. Yalikuwa ni ya mwalimu wangu wa darasa la 3. Yule bwana alikuwa hapigi kelele. Darasa likichafuka alikuwa akishusha sauti, akazidi kuishusha, mpaka tukalazimika kunyamaza ili tumsikie. Nami nikashusha sauti, na wale watoto wakanyamaza. Sijui namna ya kuieleza furaha ile. Nilitoka nje mikono ikinitetemeka. Njaa ndiyo iliyonifikisha mlangoni, lakini aliyenivuta ndani ni mwalimu yule.

Sasa nitaeleza kilichonizuia nisitoke, kwani hilo ndilo watu hulisahau. Kuingia ni siku moja na kubaki ni kila siku. Skuli yangu ya kwanza, ambayo sitaitaja, ilikuwa katika kijiji cha Waislamu watupu, na walimu wengi walitoka mbali. Walikuwa watu wazuri, na mmoja wao alikuja kuwa rafiki yangu mpaka leo. Lakini mambo mengine hawakuyaelewa. Mtoto akisinzia saa 4 asubuhi katika mwezi wa Ramadhani alichapwa kwa uvivu, na hakuna aliyeuliza kwamba ameamka usiku kula daku. Na palikuwa na mtoto mmoja, mvulana wa miaka 9, aliyekuwa amewekwa kwenye benchi la nyuma kwa kuwa, ati, hafundishiki. Miaka 2 yuko darasa la kwanza, hajui kusoma neno moja ubaoni.

Jioni moja nikapita karibu na chuo cha pale nikaisikia sauti ninayoijua. Ni yule mtoto, anasoma, tena anasoma vizuri, na alikuwa amekwisha kufika mbali katika msahafu. Zaidi ya hayo, mwalimu wa chuo alikuwa amempa watoto wadogo awasimamie katika irabu. Mtoto asiyefundishika alikuwa anafundisha!

Siku ya pili nilimwita nikachukua chaki. Nikamwandikia herufi ba ya Kiarabu, nikamwekea fataha. Akasema "ba". Nikaiweka kisira, akasema "bi". Dhuma, akasema "bu". Kisha pembeni yake nikaandika kwa herufi za Kizungu: ba, bi, bu. Nikamwambia, haya ndiyo yale yale, tofauti ni kwamba hawa irabu zao hawaziweki juu na chini, huziweka ubavuni, na husoma kutoka huku kwenda huku. Kisha nikamwambia kuwa wanazo mbili zaidi, e na o, ambazo Kiarabu hakina alama zake. Alizitazama kitambo kirefu. Basi sikumpa somo jingine kubwa kuliko hilo. Kabla muhula haujakwisha alikuwa anasoma kitabu cha darasa la 2, na kwenye benchi la nyuma hakurudi tena.

Sikulifanya hilo kwa kuwa mimi ni hodari kuliko wale wenzangu. Nililifanya kwa kuwa nami nilikaa katika mkeka kama ule nikaendesha irabu zile zile. Elimu niliyoitumia siku ile sikuipata katika chuo cha ualimu. Na kama nafasi ile ningeikataa nikaenda bandarini, yule mtoto angalikuwa amehukumiwa maisha yake yote na watu wasiokuwa na nia mbaya hata chembe.

Wanawake nao wana sababu zao, na kwa kuwa aliyeniuliza ni msichana, nilimwambia hizi kwa urefu. Katika miaka ya 1970 na 1980 wako wazazi wengi kwetu waliowatoa binti zao skuli mara walipovunja ungo. Ukimwuliza mzee, swali lake lilikuwa moja: "Ni nani huyo anayewasomesha?" Akiambiwa ni mwanamume, tena mgeni, fomu ilikuwa imekwisha kuchanika. Nilisomesha pamoja na bibi mmoja aliyekuwa akija na buibui lake, akilivua katika chumba cha walimu na kulitundika msumarini, akabaki na mtandio kichwani. Mwanamke huyo, kwa kuwapo tu, aliwabakisha skuli wasichana ambao sisi wanaume tusingeliweza kuwabakisha kwa hotuba za mwaka mzima. Aliingia mpaka ukumbini mwa watu, akakaa na mama zao, akanywa chai, akarudi na mtoto.

Je, yeye aliuchagua ualimu kwa hilo? Hapana. Aliniambia mwenyewe kwamba mumewe alimkubalia kazi moja tu, ile inayokwisha alasiri, isiyokuwa na safari wala kukaa ofisini na wanaume, na inayopumzika watoto wanapopumzika. Ilikuwa ni sababu ya jikoni kabisa. Na matunda yake ni wasichana waliosoma, baadhi yao leo ni wauguzi na walimu katika mji huu huu.

Ndiyo maana nasema tusiwacheke watu kwa sababu zao. Sote tuliokaa chuoni tunaijua hadithi ya nia, ile ya mwanzo kabisa katika Arbaini ya Imamu Nawawi. Wako wanaoishika kama rungu la kumpigia mwenzao, wakisema kuwa mwalimu anayetaka mshahara nia yake imeharibika. Lakini wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafii, tunayoyafuata huku Pwani, wamejuzisha mtu kuchukua ujira hata kwa kufundisha Kurani yenyewe. Itakuwaje basi hesabu na jiografia? Mtu anaweza kutaka wali wa watoto wake na kutaka watoto wa wenzake wajue kusoma, yote mawili katika kifua kimoja. Tena nia si kitu kinachotiwa siku moja kikafungwa kwa kufuli. Huweza kuja nyuma ya kazi.

Hata hivyo sitamdanganya mtoto wa ndugu yangu kuhusu chaki na kushiba. Mwezi Oktoba 1997 tuligoma nchi nzima, na serikali ikakubali kutuongeza asilimia 150 mpaka 200. Tulisherehekea. Ikalipwa sehemu ya kwanza, kisha hadithi ikasimama. Tukagoma tena 1998, tukagoma tena 2002. Katika miaka hiyo mke wangu aliuza mahamri na mbaazi mlangoni kila alfajiri, na wako siku ambazo mahamri ndiyo yaliyonipa nauli ya kwenda kumsomesha mtoto wa mtu. Mwaka 2003 elimu ya msingi ilipokuwa bila ada, zaidi ya watoto milioni 1 waliingia skuli nchini kwa mkupuo, jambo la kheri kubwa. Lakini darasani kwangu nilihesabu vichwa 90 na madawati ya watoto 40. Daftari 90 kila jioni, kwa taa, macho yakiwa si ya ujana tena.

Na leo? Kozi ya zamani ya cheti, ile ya miaka yetu 2, imeondoka, na tangu 2021 anayetaka kusomesha skuli ya msingi husoma diploma ya miaka 3. Akitoka haajiriwi papo hapo kama tulivyoajiriwa sisi. Sekondari ya chini ilipoanza mwaka 2023 maelfu ya vijana walichukuliwa kama wanagenzi kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, kabla ya makato, na wakifanya kazi ya mwalimu kamili. Mwaka 2024 waligoma, na aliyekuwa na macho aliona kuwa wana haki. Haya yote nilimwambia yule binti, moja moja, na nikaona uso wake unazidi kuwa mzito.

Kisha nikamwambia na lile la mwisho, ambalo ndilo linaloninyima usingizi. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilitekwa na abiria 28 wakauawa, wengi wao walimu waliokuwa wakienda makwao likizo. Januari 2020 walimu 3 waliuawa Kamuthe, katika Garissa. Baada ya kila msiba wa namna hiyo walimu waliotoka sehemu nyingine waliondoka, na nani atakayewalaumu? Damu yao ni damu, na aliyeimwaga hakuifanyia dini wala watoto hisani yoyote. Lakini walipoondoka, darasa zilibaki na watoto peke yao. Hata kwetu, katika Lamu, skuli za Wabajuni na Waboni upande wa msitu wa Boni zilionja taabu hiyo baada ya 2014. Mahali ambapo wenyeji hawakuwa wamesomesha watoto wao kuwa walimu, pengo lilionekana siku ile ile. Sisi tuliotuma vijana wote bandarini, hotelini na Ghuba, tukawaachia wageni chaki, tumekuwa tukiishi kwa mkopo.

Kwa kitambo hatukusema neno, na kahawa ilikuwa imepoa. Binti akauliza: "Sasa ami, niijaze au nisiijaze?"

Nikamwambia asiijaze kwanza. Siku zilikuwa zimebaki 12. Nikamtuma kwa mwalimu wa madrasa iliyo nyuma ya nyumba yetu, amsaidie na watoto wa alifu kwa kijiti, kila siku baada ya laasiri, bila ya malipo. Akakunja uso, kwani alikuja kutaka jibu na mimi nimempa kazi, lakini alikwenda.

Siku ya 9 alirudi. Safari hii hakukaa mkekani, alisimama, na maneno yalikuwa yanamtoka kwa haraka. Hakusema habari ya fomu. Hakusema habari ya Doha, ingawa najua kutoka kwa babake kwamba yule rafiki amepiga simu tena, na kwamba mamake angali anaupigia hesabu mshahara ule.

"Ami, yuko mtoto mmoja, kila nikimfundisha ta anasema tha, na nikimrudia analia. Wenzake wanamcheka. Nimejaribu kila namna. Nimfanyeje?"

Nikamwuliza anakaa wapi huyo mtoto.

"Nyuma kabisa, karibu na dirisha la njiani."

"Msogeze mbele," nikamwambia, "umweke ubavuni mwako upande wa kulia, kisha upande wa kushoto, utazame ni upande gani anakosea zaidi. Labda hasikii."

Alinitazama, akanibusu mkono haraka haraka, akatoka bila ya kuaga vizuri, maana adhana ya laasiri ilikuwa karibu na watoto walikuwa wameanza kukusanyika.